Bata Mzinga wa Sura ya Tisa

Wiki iliyopita uliniacha, ndugu msomaji, nimesimama mbele ya meza ya Mwalimu Makamu, mikono nyuma, uso nimeuvalisha huzuni ya msibani, huku mgeni wetu akipeleka kidole kwenye kitufe cha kompyuta yake. Wewe ukakunja gazeti ukaenda zako kulala. Mimi nilibaki pale pale.

Akabonyeza.

"Sura ya kwanza," ikasema kompyuta. "Inasomwa kwenu na Mheshimiwa, mwenye sauti ya asali na kipaji kisicho na mpinzani."

Sauti ilikuwa yangu. Asali sikuisikia. Nilisikia kijana aliyebanwa pua na mlango.

"Unaifahamu sauti hii?" mgeni akauliza.

"Si ngeni masikioni," nikajibu. "Inafanana na ya mtu fulani mashuhuri."

"Kijana," alisema Mwalimu Makamu bila kuinua macho, "hapa shuleni mheshimiwa ni mkuu wa shule. Na hata yeye hajiiti hivyo."

Kwa wewe uliyenunua gazeti la leo kwa ajili ya kufungia viatu, ukaangukia ukurasa huu kwa bahati mbaya, mambo yalikuwa hivi.

Shule yetu iliingia mkataba na kampuni ya vitabu. Tukarudisha vitabu vyote vya karatasi, tukapewa vishikwambi. Riwaya yetu ya mtihani, ile ya fundi cherehani anayegombea nyumba ya marehemu shangazi yake, ikaingia humo ikapigwa kufuli la kidijitali. Huwezi kunakili hata sentensi moja. Huwezi kukuza maandishi kupita kipimo walichopanga wao. Na huwezi kukiamuru kishikwambi kikusomee, maana sauti inauzwa peke yake.

Sisi wenye macho tulisonya tukazoea. Lakini ninaketi dawati moja na Darubini.

Darubini ni msichana mwenye miwani minene kama vitako vya chupa, na hata akiivaa, maandishi ya kishikwambi anayaona kama sisimizi wanaorudi kutoka harusini. Kitabu cha karatasi alikuwa akikisogeza puani, akatumia kioo cha kukuzia, akakimaliza kabla yetu. Kioo hicho ukikiweka juu ya kishikwambi kinampa vidoa vya rangi tu, herufi zinapotea. Na mtihani wa mwisho ni Jumatatu. Akianguka Fasihi, kaka yake anamsubiri nyumbani amweke nyuma ya kaunta ya duka lake la betri, kwa kuwa kwa maoni ya kaka huyo, msichana asiyeona herufi bado anaweza kuona chenji.

Ndipo mimi, kwa ukarimu ambao hadi leo unanishangaza, nikajitolea kumsomea riwaya yote kwenye kinasa sauti chake kidogo. Nilisomea stoo, nyuma ya jiko, wakati wa michezo, maana nina goti linaloanza kuuma kila kengele ya michezo inapolia. Mjanja mmoja akaiiba rekodi akaiweka kwenye kompyuta za maabara. Kufumba na kufumbua, kidato kizima kiliacha kusoma kikawa kinanisikiliza. Nilitembea korido kwa mwendo wa mtangazaji.

Na huyu mgeni, niliyembatiza Bwana Leseni, alitumwa na kampuni kuja kujua ni kwa nini.

"Vishikwambi vyetu huripoti ofisini kila ukurasa unaofunguliwa," alisema. Alikuwa mtu mwembamba, shati limenyooshwa hadi linatisha. "Kidato chenu hakikufungua sura ya tisa. Isipokuwa kishikwambi kimoja, ukurasa mmoja. Lakini nasikia wote mmejibu swali lake."

"Tuna vipaji," nikasema.

"Kimya," Mwalimu Makamu akasema.

Alivuta bunda la karatasi za mtihani wa majaribio. Meza ikatikisika kidogo, kama kawaida yake. Ina mguu mmoja mfupi, umewekewa kitu chini usiyumbe, lakini Makamu akikasirika hata milima huyumba. Yeye ndiye mwalimu wetu wa Fasihi pia. Tulipewa adhabu na uchambuzi na mtu mmoja.

"Swali la pili," alisoma. "Eleza ni nini kilichoamua kesi ya nyumba katika sura ya tisa. Nikupe majibu? Huyu anasema, kesi iliamuliwa na bata mzinga. Huyu, bata mzinga. Huyu, bata mzinga, na amemchora. Huyu anasema bata mzinga ni ishara ya dhamiri ya jamii iliyokandamizwa." Akavua miwani. "Huyu nilimpa alama. Nilidhani nimezeeka."

Nilikohoa.

"Nimeifundisha riwaya hii tangu hujazaliwa," aliendelea. "Ina fundi cherehani. Ina shangazi marehemu. Ina wakili mlevi. Bata mzinga hayumo."

Maji yalinifika shingoni, nami siogelei, kutokana na lile goti. Nikaamua kujificha ndani ya sheria.

"Naomba kujitetea kisheria," nikasema, nikatoa kifua mbele. "Sheria ya hakimiliki inaruhusu matumizi ya haki. Mwanafunzi anaweza kutumia kazi ya mtu kwa kujisomea, kunukuu, kuhakiki, hata kuidhihaki."

"Umesoma sheria wewe?" Makamu akauliza.

"Nimesoma bango lake, maabara. Nusu yake. Nusu nyingine imefunikwa na kabati."

"Basi nusu iliyofunikwa ndiyo yangu," alisema Bwana Leseni, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifurahi. "Matumizi ya haki yapo. Lakini kazi ikishafungwa kwa kufuli la kidijitali, kulivunja ni kosa, hata kama ulichotaka kufanya ndani kinaruhusiwa."

"Yaani chumbani naruhusiwa kuingia, ila mlango ni marufuku?"

"Na dirisha."

"Basi mimi sikugusa mlango wala dirisha!" nikaruka. "Nilitumia mdomo!"

"Na mdomo wako ukatoa nakala, nakala ikasambaa kidato kizima."

"Bwana mkubwa, umeisikia nakala yenyewe? Hilo ni tusi kwa neno nakala."

Mlango ukagongwa. Akaingia Darubini, mkono mmoja ukipapasa ukuta, mwingine umeshika kinasa sauti kifuani kama mtoto mchanga.

"Nimeitwa, mwalimu?"

"Kaa, mwanangu," alisema Makamu, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kupewa. "Huyu bwana anataka rekodi zote zifutwe leo. Na hiyo yako pia."

Darubini hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Alikaza tu vidole kwenye kile kinasa sauti mpaka vikabadilika rangi.

Bwana Leseni akaegemea mbele. "Kijana, nitakurahisishia. Jibu ni moja kati ya mawili. Kama ulisoma kwa uaminifu, hiyo ni nakala isiyo na kibali, na mwalimu wako ataniambia adhabu yake ni nini."

"Kurudi nyumbani leo," Makamu akasema. "Mtihani utaufanya mwakani."

"Au ulikuwa unafanya mzaha. Dhihaka. Hapo sheria inakusamehe."

"Dhihaka!" nikapaza sauti, kabla hajafunga mdomo. "Dhihaka tupu! Kuanzia salamu ya kwanza!"

"Sawa," alisema, akianza kuandika. "Kwa hiyo binti huyu ataingia mtihani akiwa amesomea mzaha."

Nikamtazama Darubini. Alikuwa ameelekeza uso upande wangu, si hasa kwangu, kidogo kando, kama afanyavyo asipokuona vizuri. Nikaiona kaunta. Nikaziona betri.

"Ni nakala," nikasema.

"Umesema dhihaka."

"Ulimi uliteleza. Ni nakala. Nakala safi, ya uaminifu wa kutia machozi. Sheria inasema nini juu ya asiyeona maandishi?"

Bwana Leseni akaacha kuandika. "Inaruhusu atengenezewe nakala anayoweza kuisikiliza. Yeye. Si kidato kizima."

"Basi mfutieni kila mtu, mumwachie yeye. Na mimi nipeni barua yangu ya kurudi nyumbani." Nilijisikia shujaa. Nilitamani awepo mtu wa kupiga picha.

Mwalimu Makamu akarudisha miwani usoni. "Nakala ya uaminifu," alirudia. "Na bata mzinga?"

Ushujaa wangu ukakaa chini.

"Huyo... ni tafsiri ya hisia za mwandishi."

"Tumsikilize," alisema Bwana Leseni, akabonyeza sura ya tisa.

"Fundi akainua pazia la dirisha la marehemu shangazi," ilisema sauti yangu. "Mahakama ikanyamaza. Ndipo..."

Kolokolokolokolo! Ukelele ukajaa ofisini.

"...ndipo, ghafla, bata mzinga akaingia!" ilisema sauti yangu, kwa kasi ya mtu aliyeshtuliwa.

Na hapo hapo, nje ya dirisha, uani kwa Matroni wetu, mlezi wa bweni, dume lake la bata mzinga likasikia mwito wa mwenzake ndani ya kompyuta. Likajibu.

Kolokolokolokolo!

Bwana Leseni akalitazama dirisha. Akaitazama kompyuta. Akanitazama mimi.

"Stoo ile," alisema Makamu polepole, "imepakana na banda la Matroni."

Nifanye nini, ndugu msomaji? Kinasa sauti cha Darubini hakikati kipande. Ukikosea, unaanza sura upya. Ndege alipolia nilikuwa nimeshasoma mstari mmoja na nusu, jasho linanitoka, na nikaona ni rahisi zaidi kumwajiri kuliko kumfukuza. Baada ya hapo alinoga. Nikamfanya shahidi. Nikamfanya aape. Sura nzima sikuiangalia tena kwenye kishikwambi, nilikuwa naitunga kwa kipaji kisicho na mpinzani.

"Kwa hiyo si nakala," alisema Bwana Leseni.

"Ni nakala yenye mgeni," nikasema kinyonge.

"Mwalimu," Darubini akaita. "Naomba utafute karatasi yangu ya majaribio."

Makamu akaichomoa bundani. Akaisoma. Akaisoma tena akiisogeza karibu, kana kwamba miwani minene sasa ni yake.

"Hakuna bata mzinga," akasema. "Kidato kizima, ni wewe peke yako. Umeandika kesi iliamuliwa na mshono. Fundi alilitambua pazia kwa mshono wa kushoto aliofundishwa na shangazi utotoni. Ndivyo ilivyo. Nilikupa alama zote. Ulijuaje, na sura hukusomewa?"

"Mshono wa kushoto upo sura ya tatu. Mwandishi hawezi kututajia mshono wa mtu halafu ausahau. Na pazia huyu alilisoma kabla hajaanza mambo yake."

"Na ulijuaje kuwa bata mzinga ni uongo?" akauliza Bwana Leseni.

"Ndege alilia kwanza, ndipo msomaji akasema ameingia. Kwenye vitabu, anayetangulia ni mwandishi." Akanigeukia, safari hii barabara usoni. "Tena wewe ukidanganya, sauti yako inavaa tai. Natambua tangu kidato cha kwanza."

Kuvuliwa nguo mbele ya watu kuna aibu yake. Kuvuliwa sauti ni kubaya zaidi. Nilijifanya nasoma kalenda ukutani. Ilikuwa ya mwaka jana.

Bwana Leseni akafunga kalamu. Alikuwa, nakiri kwa uchungu, mtu wa haki. "Rekodi ya binti ibaki. Hiyo ni haki yake kisheria. Za maabara zifutwe. Na kuhusu sura ya tisa, asomewe upya, kwa uaminifu. Mtu kumsomea mtu hakuna kufuli."

"Sasa hivi," Makamu akasema, akanirushia kishikwambi. "Mbele yangu. Ukiongeza hata kuku, utakwenda nyumbani bila viatu."

Darubini akawasha kinasa sauti. Nikafungua sura ya tisa. Nikavua tai sauti yangu, nikasoma kama mtoto wa madrasa.

"Fundi akainua pazia la dirisha la marehemu shangazi. Mahakama ikanyamaza. Ndipo, ghafla, bata mzinga akaingia."

"Kijana!" Makamu akapiga meza, meza ikaruka.

"Haki ya Mungu, mwalimu, imeandikwa!"

"Lete hapa!"

Akaangalia. Akakaa. Bwana Leseni akazunguka meza akaangalia, na shati lake lile, kwa mara ya kwanza, likakunjamana.

Imeandikwa. Nukta kwa nukta. Bata mzinga wangu, akila kiapo, ndani ya kitabu rasmi cha mtihani.

"Juzi," alisema Bwana Leseni, "nilipoipata rekodi, niliandika maneno ya kile kipande nikayatuma ofisini kama ushahidi. Niliyaweka kwenye faili la marekebisho. Nilitaka wafanye marekebisho ya usalama. Wao wameona ni marekebisho ya kitabu."

"Ya kishikwambi hiki kimoja?"

"Vyote. Vya kila shule. Vimejisasisha asubuhi."

"Rudisheni kitabu cha zamani!"

"Cha zamani hufutika kipya kikiingia, mwalimu. Ofisini wanacho, lakini leo ni Jumamosi. Watafungua Jumatatu."

"Jumatatu saa ngapi?"

Tuliijua saa. Ndiyo saa ya mtihani.

"Na msahihishaji," akauliza Darubini, taratibu, "atatumia kitabu kipi?"

"Kilicho kwenye kishikwambi," Makamu akasema, kama anayetapika.

"Kwa hiyo darasa zima wamepata. Aliyekosa ni mimi."

Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi nimewahi kucheka kwenye gwaride. Nikaweka kidole juu ya sentensi yangu, ile niliyoizaa stoo kwa jasho, nikitaka kuinakili niwatumie wakubwa wa kampuni, niwaambie, oneni, hii ni yangu mimi, kijana mpumbavu wa bweni la pili. Kishikwambi kikatetemeka mkononi. Maandishi mekundu yakatokea: Huna haki ya kunakili maneno haya.

"Nakala ya karatasi," Makamu alisema. "Ipatikane moja tu, yenye tarehe, niipeleke Baraza la Mitihani kwa mkono wangu."

"Mlizirudisha zote," Bwana Leseni akasema. "Mkataba ulisema zote. Wewe ndiye uliyetia saini, mwalimu."

"Nilitia."

Kalamu ya Darubini ikadondoka. Akainama kuipapasa sakafuni, chini ya meza, akakawia huko. Meza ikayumba. Ikayumba tena. Kisha sauti yake ikatoka chini, ya upole, ya hatari.

"Mwalimu, hiki kilichowekwa chini ya mguu wa meza, kina sura ngapi?"

Bwana Leseni akainua kichwa. Nikamwona Mwalimu Makamu, mama huyu aliyewahi kunilaza chini kwa kosa la kukunja kola, akitoa mguu kiatuni pole pole, akauweka pale, juu ya jalada lililochakaa lenye picha ya cherehani.

"Mwalimu," alisema Bwana Leseni, "hicho ni kitabu?"

"Kitabu gani?"

"Hicho unachokikanyaga. Ni mali ya kampuni, kilipaswa kurudishwa. Naomba unipe."

"Mimi naona mguu wa meza. Mheshimiwa, wewe unaona nini?"

Ameniita Mheshimiwa! Kwa heshima hiyo ningeapa kuwa sina hata macho.

"Mguu wa meza, mwalimu. Mguu safi."

Bwana Leseni akavua koti. Akapiga goti. Mkono wake ukaingia chini ya meza upande mmoja, wa Darubini upande wa pili, na nikasikia jalada likivutwa huku na huku, karatasi kuukuu zikilia kwa kukaribia kuchanika. Kama ni sura ya tisa ndiyo iliyokuwa inachanika, basi Jumatatu tumekwisha. Nikatupa jicho mlangoni kutafuta msaada.

Mlango Darubini hakuufunga vizuri alipoingia. Ulikuwa unasukumwa, taratibu, na mtu mfupi.

Ningependa kukueleza kilichofuata kwa maneno yangu mwenyewe, ndugu msomaji. Lakini maneno yangu si yangu tena, yamefungwa, na ninayaandika hapa nikijua kwamba kwa kila neno kampuni inaweza kunishitaki:

Ghafla, bata mzinga akaingia.